Mkojo Uliopimwa Ulikuwa Wangu

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie, na kabla hujanisaidia naomba usinicheke kwa sauti, maana najua barua hizi unazisomea ofisini na wenzako wanakusikia. Nakuandikia nikiwa juu ya paa la mteja, ubavuni mwa tangi la maji ambalo nilitakiwa niwe nimeshalifunga, kwa sababu huku juu ndipo mahali pekee ambapo mke wangu hawezi kutokea ghafla akaniuliza naandika nini. Mimi ni fundi bomba. Umri wangu umeshapita pale mtu anapoitwa kijana bila kudhihakiwa, tumbo linatangulia mimi nafuata, magoti yanalalamika nikipanda ngazi, na binti yetu wa pekee tulimpata wakati majirani walishachoka kutuuliza. Ndiyo maana hospitalini manesi huniambia, "Babu, ingia na mjukuu," nami naingia, nitafanyaje.

Binti ana miaka tisa. Nyumbani tunamwita Hakimu, kwa sababu hakuna neno utakalolitamka mbele yake ambalo hatakusomea siku ya kesi. Alizaliwa na tundu kwenye moyo, na mshipa mmoja mwembamba kuliko inavyotakiwa, akawa akilia midomo inageuka bluu, basi tukamlea kwa kumzuia asilie, yaani chochote anachotaka apewe kabla hajakunja uso, na matokeo yake ndiye huyo Hakimu. Mwaka juzi alipasuliwa, ikaenda salama, akaanza kukimbia, akaanza kuruka juu ya makochi na kutusumbua kama watoto wa wenzetu, ikawa raha tupu.

Sasa siku tunatoka wodini, baada ya sindano zote zile, na ule mpira wa mkojo aliowekewa, ambao aliuchukia kuliko hata kidonda chenyewe, alinishika kidole akaniuliza, "Baba, wamemaliza?" Na mimi kwa furaha iliyochanganyika na ujinga nikamjibu, "Wamemaliza, mama. Hakuna mtu atakayekugusa tena." Mshauri, kama kulikuwa na siku ya mimi kupotelewa na sauti, ilikuwa ile.

Tumekuwa tukienda kliniki ya moyo vizuri tu, wanamsikiliza kifua, wanampima kwa ile mashine ya picha isiyouma, tunarudi. Safari hii daktari wake, mama mmoja mpole anayezungumza polepole kama anamimina mafuta kwenye taa, akasema moyo unakwenda vizuri ila anataka aanze kumfuatilia na figo. Nikamwuliza, "Figo tena, daktari? Si tatizo lilikuwa moyo?" Akasema watoto wenye matatizo ya moyo ya kuzaliwa nayo ni vizuri waangaliwe figo mapema, hata kama hawana dalili yoyote, kwa hiyo tumpelekee mkojo wa kwanza wa asubuhi, na kliniki ijayo atatolewa damu kidogo. Akatupa kichupa. Hakimu alikuwa amekaa palepale, miguu inaning'inia. Aliniangalia tu.

Mke wangu anafanya kazi kiwanda cha mikate, huondoka sisi bado tunakoroma, kwa hiyo kazi ya kichupa ikaniangukia mimi. Asubuhi ya kwanza nilisimama nje ya mlango wa choo na kichupa mkononi kama mhudumu wa hoteli, nikawa naimba kumtia moyo.

"Baba, ondoka."

"Siondoki mpaka unipe."

"Ulisema hakuna atakayenigusa."

"Sikugusi, nataka mkojo tu."

"Mkojo ni wangu."

Kisha nikasikia maji yanavutwa. Asubuhi iliyofuata kichupa kilikuwa kimepotea, nikaja kukikuta ndani ya kiatu changu cha kazini. Mke wangu akaniambia kwenye simu, "Kesho usipoupeleka, nitajua nyumba hii nina watoto wawili." Na hiyo kesho nilipoamka, Hakimu alishatoka chooni zamani, amevaa sare, anakunywa chai, ananiangalia juu ya kikombe. Dirisha la maabara linafungwa mapema. Nikakiangalia kichupa, kichupa kikaniangalia. Nikajiambia, huyu mtoto si damu yangu? Figo si nimempa mimi? Basi na mkojo utatofautiana nini! Isitoshe mtoto ni mzima, anaruka, anakula, hiki ni kipimo cha kutimiza wajibu tu. Nikaingia chooni, nikafunga mlango, na mengine naomba usinilazimishe kuyaandika. Nilipoupeleka, yule nesi wa dirishani alinisifu, akasema akina baba wa namna yangu ni wachache. Nilitembea kifua mbele mpaka kituo cha basi.

Daktari akampigia simu mke wangu. Mkojo umeonekana na protini nyingi, ambayo haitakiwi kuwamo. Akamtuliza, akamwambia kipimo kimoja hakitoshi kusema mtoto ana ugonjwa, watarudia, watampima presha na damu na picha ya figo, ila sisi tujiandae, ipo dawa moja ya moyo ambayo huenda wakaibadilisha au kuipunguza kwa ajili ya kuzilinda figo.

Mshauri, nyumba yangu siku hizi huwezi kuitambua. Chumvi imepandishwa juu ya kabati, hata mayai tunakula kama wagonjwa. Kuruka marufuku, kukimbia marufuku. Mke wangu amehamia chumba cha mtoto, na akitaka kulia anakwenda jikoni anafungua bomba ili nisimsikie, kasahau kaolewa na fundi bomba, mimi najua mlio wa maji yanayotumika na mlio wa maji yasiyo na kazi. Mama mkwe naye kaja na begi lake, akakaa sebuleni, akatangaza, "Kwetu hakuna mtu aliyewahi kuwa na figo mbovu. Hizi zimetoka upande wenu." Nilikaribia kumwambia, mama, hujui ulivyo sahihi.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini juzi nilikuwa namfunga Hakimu kamba za viatu, akainama akaniambia sikioni, "Baba, mimi sikukojoa kwenye kile kichupa. Walipima nini?" Nikamwambia wana mashine zao. Akafikiri. Halafu akauliza, "Au ni kwa sababu nilikuwa naumwaga makusudi, ndiyo figo zikaharibika?" Akaongeza, "Kama ni mimi, usimwambie mama." Nikaanza kukohoa kikohozi kisichokuwepo, nikatoka nje nikalifungua bomba la uani ambalo halikuwa na tatizo lolote, sasa linavuja.

Kliniki ni wiki ijayo. Kuna sauti inaniambia ninyamaze. Safari hii mama yake atasimamia mwenyewe, mkojo utakuwa wa mtoto kweli, utatoka safi, wote tutashangilia na siri itakufa na mimi. Halafu usiku, sijui kwa nini, sauti nyingine inauliza: na usipotoka safi? Nikisema, mke wangu atanionaje, mtu aliyemwachia mtoto mwenye moyo ulioshonwa? Daktari je? Mama mkwe je, Mshauri, mama mkwe! Niambie ninyamaze au niseme, na nikisema nianzie kwa nani, na ile ahadi niliyompa mtoto niifanyeje. Na kama una nafasi, nieleze figo zinahusiana nini na moyo, maana daktari alieleza nikaitikia kwa kichwa, nikaona aibu kumrudisha nyuma.

Wako,
Fundi wa Juu ya Paa

*

Fundi wangu,

Nimecheka. Samahani, uliniomba nisicheke, lakini pale kwenye kiatu cha kazini nilishindwa, na ndiyo, wenzangu wamesikia, na mmoja amenipokonya barua akaisoma kwa sauti. Tulicheka hadi pale mtoto alipouliza kama ni yeye aliyeziharibu figo zake. Hapo aliyekuwa anasoma aliikunja barua akanirudishia. Kwa hiyo shuka kwenye hilo paa. Polepole, na magoti yako hayo, lakini shuka.

Hutanyamaza. Hilo tulimalize kwanza, kisha nitakubembeleza.

Unasema siri itakufa. Haitakufa, itaingia kwenye faili la mtoto na kukaa humo. Daktari ataona mkojo wa kwanza mbaya na wa pili mzuri, atajiuliza ni kitu gani kimebadilika, atamfuatilia mtoto kwa jambo ambalo halikumpata. Na huo wa pili ukitokea mbaya, atadhani tatizo ni la muda mrefu, kumbe hicho ndicho kipimo cha kwanza cha mtoto. Na katikati ya hapo ipo dawa inayoushika moyo wa mwanao, na mtu mwenye nia njema kabisa anafikiria kuigusa kwa sababu ya mkojo wa fundi bomba mwenye tumbo. Hapana, kaka yangu. Hilo haliwezi kusubiri kliniki ya wiki ijayo. Leo piga simu, mwombe daktari, sema sentensi moja: "Mkojo mliopima ulikuwa wangu, wa mtoto haujapimwa bado." Usianze na hadithi ya kichupa kilivyokuangalia. Ataguna, kisha atakushukuru. Watu wa maabara wameshaletewa hata juisi badala ya mkojo, usijione wa pekee. Na mpaka akuambie vinginevyo, dawa za mtoto ziendelee kama zilivyoandikwa. Usipunguze, usiongeze, usisimamishe.

Sasa hiyo aibu yako ya kuuliza. Nilimpigia nesi mmoja wa watoto, rafiki yangu asiyeonea mtu haya, nikamwambia nieleze kama unamweleza fundi bomba. Akasema hakuna mtu rahisi zaidi kumweleza. Wewe pampu ya nyumba ikikosa nguvu miaka kadhaa, chujio lililo mbele yake linabaki salama? Moyo ndio pampu, figo ndiyo chujio. Mwanao kabla ya kupasuliwa alikuwa na pampu yenye kasoro, damu iliyofika kwenye figo ilikuwa pengine pungufu, pengine haina hewa ya kutosha, ndiyo ile bluu ya midomo. Siku ya upasuaji pampu ilisimamishwa na mashine ikashika zamu, na figo husikia mabadiliko hayo. Na baadhi ya dawa, hata zile nzuri na za lazima, figo ndizo zinazozibeba. Si kila mtoto huumia. Wengi wanatoka salama kabisa. Lakini figo ni mpole mno, ikiumia haipigi kelele. Mtoto ataendelea kukimbia na kuficha vichupa viatuni, nayo inaumia kimya. Ukisubiri uvimbe, umechelewa. Ndiyo maana daktari hakusubiri. Alitaka kujua sasa, wakati mtoto ni mzima, ili kama kuna kitu kipatikane kikiwa kidogo, dawa zipangwe vizuri, presha idhibitiwe, figo zitunzwe zimtumikie mpaka awe bibi wa watu.

Kwa hiyo usijidanganye kwamba ukikiri, vipimo vimefutwa. Mkojo wake utapimwa. Presha itapimwa, kwa kile kitambaa cha kufunga mkononi, cha saizi ya mtoto, si cha mtu mzima. Damu itatolewa. Na hayo yote yatarudiwa kila daktari atakaposema, hata moyo ukiwa unaimba. Kati ya kliniki moja na nyingine, mkimwona amevimba macho asubuhi au miguu jioni, mkojo una povu lisiloisha au umekuwa na rangi ya chai, au anakojoa kidogo kuliko kawaida, au anatapika na kuharisha mpaka anakauka, msikae mkashauriana na majirani, nendeni. Akiumwa kichwa au jino msimnunulie dawa ya maumivu dukani kabla ya kumwuliza daktari wake, zipo ambazo figo za mtoto kama huyu hazizipendi. Na ile chumvi mkeo aishushe au aiache juu kwa maneno ya daktari, si kwa maneno ya mkojo wako.

Unauliza uanzie kwa nani. Ukishakata simu ya daktari, wa kwanza ni Hakimu. Mkeo ana haki ya kukasirika, na atakasirika, lakini mkeo ni mtu mzima anayelia kwa jambo analolijua. Mtoto anabeba kosa ambalo si lake na anakuomba umfichie. Akirudi shule, kabla ya chakula, kaa chini umwambie, "Mkojo uliopimwa ulikuwa wa baba. Wewe hukuharibu kitu. Figo haziharibiki kwa kumwaga mkojo chooni, ndiko unakotakiwa kwenda. Aliyekosea ni mimi." Mwambie maneno hayo yote, usimeze hata moja. Jiandae kuchekwa. Utachekwa kwenye sherehe ya kumaliza shule, utachekwa kwenye harusi yake, MC atapewa hadithi hiyo na sioni utakakojificha. Vumilia, ni bei nzuri.

Mkeo mwambie jioni hiyohiyo, mkiwa wawili, mlango umefungwa. Usimletee ule utani wa damu yangu na figo nimempa mimi. Utakuja kufaa baadaye sana. Mwambie ulichofanya, mwambie umeshampigia daktari, kisha nyamaza ufokewe. Amelala macho wazi kwa sababu yako. Akimaliza kufoka atalia, na safari hii bomba litakuwa limefungwa, kaa naye. Mama mkwe ataambiwa na mkeo, kwa maneno ya mkeo. Wewe siku hiyo nenda ukarekebishe bomba la uani.

Kuhusu mkojo wa mtoto. Fundi, mtoto wa miaka tisa aliyewahi kuwekewa mpira kwa nguvu, unasimama mlangoni kwake unaimba? Hata mimi ningevuta maji. Mpe kichupa mkononi mwake usiku, mama yake amwonyeshe namna ya kukinga, achague mwenyewe kopo au bakuli safi la kukingia likimrahisishia, afunge mlango na nyinyi mkae mbali. Jina lake aliandike yeye. Dirishani akabidhi yeye. Alikuambia wazi, mkojo ni wake. Ilikuwa hukumu sahihi, ukaipuuza.

Na ile ahadi. Uliitoa kwa upendo, najua, ulikuwa umechoka na ulimwona akipumua vizuri kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nani angeweza kupima maneno hapo? Lakini ifute. Usiibadilishe kwa nyingine tamu zaidi, usimwambie sindano haiumi. Mwambie utachomwa, itauma kidogo, itaisha, nitakuwepo, na nitakuambia kabla, kila mara. Ahadi ya namna hiyo utaweza kuilipa.

Sasa nimebakiza mtu mmoja, naye amejificha kwenye barua nzima nyuma ya utani wake. Ule mkojo wenye protini, Fundi, una mwenyewe. Umeniandikia ukurasa mzima juu ya figo za mwanao, hukuuliza hata mara moja kuhusu za kwako. Nyumba hiyo ina mtoto anayehitaji baba kwa miaka mingi ijayo, na pengine kichupa hicho cha aibu kimekuonyesha jambo ambalo usingekwenda kulitafuta. Inaweza kuwa presha, inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa si kitu. Sijui, na wewe hujui, ndiyo maana watu hupimwa.

Basi wiki hii, kabla ya kliniki ya Hakimu, nenda ukapimwe wewe, na uende naye. Mkojo wako ukinge mwenyewe, umeshaonyesha kwamba unaweza. Ikifika zamu ya damu, kunja mkono wa shati, kaa kwenye kiti, naye asimame karibu aone. Utaogopa; mafundi wanaopanda mapaa ndio waoga wakubwa wa sindano. Usijifanye shujaa. Mwambie ukweli kwamba unaogopa, kisha umwombe akushike mkono.

Mshauri wako